Mali Iliyo Zizini: Maneno Juu ya Samadi na Matandiko

(Hotuba ya Katibu wa Chama mbele ya Mkutano wa Wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Tumepewa heshima ya kunena mbele yenu katika siku hii kubwa, siku ambayo Chama chetu chatimiza miaka kumi. Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za mizani, za ghala, za bei ya kahawa, na za vyama vya msingi vilivyojiunga nasi. Wamesema vema, nasi hatuna la kuongeza. Sisi tumeagizwa kunena juu ya jambo ambalo kwa miaka kumi hii halikupata nafasi katika ajenda ya mkutano mkuu, ingawa kila mmoja wetu hulikanyaga kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Jambo lenyewe ni samadi, pamoja na matandiko ya zizi.

Twajua wako watakaotabasamu. Watasema, siku ya sherehe si siku ya kutaja mavi ya ng'ombe. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi twaamini kwamba sehemu ya fedha ambazo wanachama hukatwa kila msimu kulipa deni la mbolea imelala mvunguni mwa ng'ombe wao wenyewe.

DESTURI YA WAZEE WETU

Hapa Kilimanjaro ng'ombe wa kihambani hakuzoea kuchungwa mbugani. Hufungwa ndani, huletewa majani ya migomba na nyasi zilizobebwa kutoka tambarare, na samadi yake hurudi mgombani. Kadhalika wazee wetu walikuwa na ada nzuri. Mtu mwenye ng'ombe wengi alimpa jirani yake mmoja amtunzie. Ng'ombe alibaki kuwa wa mwenyewe, lakini mlishaji alipata maziwa na samadi kuwa ujira wake. Tulitazame neno hilo kwa makini. Wazee hawakusoma kemia, wala hawakuwa na daftari, lakini walihesabu samadi kuwa ujira, ikakaa pamoja na maziwa.

Mlima huu ulijua ushirika mapema. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kahawa iliyojenga vyama hivyo ilipandwa chini ya migomba, katika udongo uliokwisha kulishwa samadi kwa vizazi vingi. Basi samadi si mgeni wa ushirika. Ilikuwako kabla ya mizani.

Siku hizi mambo yamebadilika. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vimekuwa vidogo. Nyumba iliyokuwa na ng'ombe watatu sasa ina mmoja, na nyasi zake hununuliwa kwa fedha. Kwa hiyo kila tenga la samadi limepanda thamani kuliko zamani. Lakini namna tunavyolitunza imeshuka.

MAHALI MALI INAPOVUJA

Mali bila daftari hupotea bila habari, na samadi hupotea kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mkojo. Karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe imo katika mkojo, na potasiamu iliyo nyingi imo humo humo. Naitrojeni ndiyo ikuzayo jani. Potasiamu ndiyo ambayo mgomba huitaka kuliko karibu kila mmea wa shambani mwetu. Mkojo ukizama katika sakafu ya udongo, au ukitiririka hadi njiani, mwanachama amekwisha kupoteza sehemu iliyo bora kabla ya kushika sepetu.

Njia ya pili ni jua na upepo. Ile harufu kali ichomayo macho katika zizi lililofungwa usiku kucha si uchafu tu. Ni naitrojeni inayoruka kuwa gesi ya amonia. Kinyesi kilichotawanywa uani kikakauka juani hupoteza nguvu nyingi, na mwenyewe hubaki na makapi.

Njia ya tatu ni mvua. Fungu lililoachwa wazi wakati wa masika hutoa maji meusi yanayoshuka bondeni. Maji yale meusi ni mbolea. Yakiingia mfongoni huwa tena hatari, kwa sababu wako watu chini yetu wanaoyachota.

KAZI YA MATANDIKO

Matandiko hayakuwekwa ili ng'ombe alale vema tu, ingawa ng'ombe aliyelala pakavu huepukana na maradhi mengi ya kiwele na ya kwato. Kazi yao ya pili ni kunywa mkojo na kuushika. Kila tenga la matandiko makavu ni kama sifongo lililowekwa mahali mali inapovuja.

Wapo watakaouliza, matandiko yatoke wapi, nasi majani makavu ya migomba yanatakiwa na ng'ombe, yanatakiwa kufunika udongo chini ya kahawa, na tena yanatakiwa zizini? Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba matandiko ya kwanza yawe mabaki ya malisho, yaani vijiti na mashina ambayo ng'ombe ameyakataa. Baada ya hayo yafuate mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, makapi ya maharage, na maganda makavu ya kahawa. Majani ya migomba yawe ya kuongeza, si ya kuanzia. Maranda na unga wa mbao vinafaa kwa kunyonya, lakini huoza polepole sana, tena huing'ang'ania naitrojeni wakati vinapooza. Basi vitumike kidogo, vikichanganywa na vitu vingine, wala visitoke katika mbao zilizopakwa dawa.

Sakafu na iinamishwe kidogo kuelekea upande mmoja, na mfereji mwembamba upeleke mkojo uliosalia penye biwi. Majivu yasimwagwe zizini wala juu ya samadi mbichi, kwa maana majivu huifukuza amonia. Yawekwe kando, yakapelekwe shambani peke yake.

NAMNA YA KUJENGA BIWI

Mboji hufanywa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Kama mifugo mingine, viumbe hao wana mahitaji yao: chakula, maji na hewa. Chakula chao kizuri ni mchanganyiko wa vitu vikavu vyenye kaboni na vitu vibichi vyenye naitrojeni, kiasi cha sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Samadi tupu ya ng'ombe ina naitrojeni kupita kipimo hicho. Mabua matupu yana kaboni kupita kipimo. Vikiunganishwa, kila kimoja humfaa mwenziwe. Kwa hiyo zizi lenye matandiko ya kutosha limekwisha kufanya nusu ya kazi.

Yafuatayo ndiyo mashauri yetu:

1. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji, mbali na kisima na mfongo kwa hatua 30 au zaidi.

2. Tandaza chini mabua magumu au matawi membamba, ili hewa ipite.

3. Weka tabaka la matandiko yaliyolowa mkojo, unene wa sentimita 20, kisha tabaka la kinyesi, sentimita 5 hadi 10, kisha konzi chache za udongo wa juu. Nyunyiza maji panapokuwa pakavu. Rudia hivyo mpaka biwi lifike kimo cha mita moja na nusu. Upana wake usipungue mita moja, kwa maana biwi dogo haliwezi kuhifadhi joto.

4. Lifunike kwa majani ya migomba, na juu yake ezeka paa jepesi la nyasi au bati kuukuu.

5. Choma fimbo ndefu hadi katikati na uiache humo. Baada ya siku chache ichomoe uishike. Ikiwa moto hata mkono hauvumilii, kazi inakwenda. Biwi zuri hufika joto la nyuzi 55 hadi 65 za selsiasi, na joto hilo likidumu kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi.

6. Baada ya juma la pili au la tatu ligeuze, cha nje kiingie ndani na cha ndani kitoke nje. Ligeuze tena baada ya majuma matatu mengine. Kugeuza huku ndiko kunakofanya kila sehemu ipate zamu yake ya moto.

7. Baada ya miezi mitatu au minne mboji huwa tayari. Rangi yake ni ya kahawia iliyokoza, haina joto, na hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Kipimo cha maji ni mkono. Twaa konzi moja uikamue. Yakitoka matone mawili matatu, ni vema. Yakitiririka, maji yamezidi. Ikivunjika kama vumbi, biwi lina kiu.

DALILI ZA BIWI LENYE UGONJWA

Likinuka amonia, vitu vikavu ni vichache, ongeza mabua. Likinuka kama yai bovu, limekosa hewa. Ligeuze na ulikinge na mvua. Likiwa baridi, ama ni dogo, ama ni kavu, ama halina kinyesi cha kutosha. Ukikuta ndani kumekuwa kweupe na kukavu kama majivu, limejichoma kwa kukosa maji. Lirowanishe na kuligeuza.

Jambo hili la mwisho huonekana hasa katika samadi ya farasi na ya punda. Wanyama hawa hawacheui kama ng'ombe, na kinyesi chao hubaki na nyuzinyuzi nyingi na nafasi za hewa. Kwa hiyo hupata moto haraka, na kukauka haraka. Watunza bustani wa Ulaya walilijua joto hilo tangu zamani, wakalitumia kuoteshea miche ya mboga wakati wa baridi. Mwanachama apatiwaye samadi ya farasi au punda asiikatae. Aichanganye na ya ng'ombe, iliyo nzito na yenye maji. Moto wa mmoja utaondoa ubaridi wa mwingine.

Twaongeza onyo moja. Mwaka 2008 huko Uingereza watu wengi waliweka samadi katika bustani zao, wakaona nyanya, maharage na viazi vikijikunja na kudumaa. Sababu ilikuwa dawa ya kuua magugu iitwayo aminopiralidi, iliyonyunyizwa katika malisho. Dawa hiyo hupita tumboni mwa mnyama bila kuharibika, na hubaki hai hata katika mboji. Sisi nasi siku hizi twanunua nyasi kutoka mbali. Basi muuzaji aulizwe kama shamba lake limepigwa dawa. Ukiwa na shaka, panda maharage machache katika kopo lenye mboji iliyochanganywa na udongo. Jani likichomoza limejikunja kama kikombe, usiipeleke mboji hiyo bustanini.

HESABU YAKE

Ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeshiba hutoa kinyesi kibichi kilo 20 kwa siku au zaidi. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 7, bila kuhesabu mkojo wala matandiko. Tani moja ya samadi ya zizi iliyotunzwa vema, pamoja na matandiko yake, ina naitrojeni ya kilo 5 au 6 hivi. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Tani nne za samadi, basi, zabeba naitrojeni kama ya mfuko mmoja.

Hatupendi kuwadanganya wanachama. Naitrojeni ya samadi haitoki yote mwaka wa kwanza. Hutoka kidogo kidogo kwa miaka. Na katika kuoza, sehemu yake hupotea hata kwa mtunzaji hodari. Lakini samadi huja na fosforasi, potasiamu na madini mengine ambayo urea haina, na hulegeza udongo ukashika maji wakati wa kiangazi. Mfuko hauwezi kazi hiyo. Tena mboji hupungua uzito na ukubwa, mara nyingi hadi karibu nusu ya vilivyoingia. Kwa mtu anayesoma takwimu hilo ni jambo dogo. Kwa mama anayebeba tenga kichwani kupanda kilima ni jambo kubwa.

HOJA TULIZOZISIKIA

Wako wasemao kwamba mbolea ya viwandani inatosha. Sisi hatuipingi, na Chama kitaendelea kuwaagizia wanachama. Lakini twakumbuka mwaka 2022, bei yake ilivyopanda ulimwenguni kote, hata Serikali ikalazimika kuanzisha ruzuku. Mkulima aliyekuwa na biwi aliumia, lakini hakulala chini. Tena mbolea ya mfuko hufaa zaidi katika udongo wenye mboji kuliko katika udongo mtupu.

Wako wasemao kwamba kazi ni nyingi. Ni kweli, na yafaa tuulize ni kazi ya nani. Anayeleta nyasi, anayetandika zizi, na anayebeba samadi, aghalabu ni mama na watoto. Anayetia sahihi malipo ya kahawa ni baba. Hatuwezi kuongeza mzigo upande mmoja na kuongeza fedha upande mwingine, kisha tukauita huo ushirika. Kugeuza biwi ni kazi ya misuli. Na ifanywe na wanaume na vijana, tena kwa zamu za majirani, kama tulivyozoea kusaidiana katika kusafisha mifongo.

Wako wanaouza samadi kwa gari, inakwenda kulisha bustani za tambarare. Haki ya mtu kuuza mali yake hatuigusi. Twasema tu kwamba anayeuza samadi yote na kukopa mbolea amebadilishana mara mbili, na mara zote mbili faida imebaki kwa mwingine. Na kabla ya gari kupakiwa, mwenye nyumba na ashauriane na yule aliyeibeba.

Mwisho, wako wazee wanaohofu amri. Hofu yao ina historia. Zamani za ukoloni watu walishurutishwa katika kilimo kwa faini na kwa vitisho, na mwaka 1955 watu wa Uluguru walikataa kwa ghasia kazi ya matuta ya ngazi waliyolazimishwa. Ubaya haukuwa katika kuhifadhi udongo. Ubaya ulikuwa katika shuruti. Chama hiki ni cha hiari. Hakitamtoza mtu faini kwa kukosa biwi.

MAOMBI YETU KWA MKUTANO

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaleta maombi manne, tukitumaini Mkutano utayajadili na kuyakubali.

Kwanza, kila chama cha msingi kichague wanachama watatu, na mmoja wao asikose kuwa mwanamke, wajenge biwi la kuonyesha katika vihamba vyao, kwa msaada wa Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata.

Pili, kila chama kiwe na daftari la samadi. Yaandikwe siku biwi lilipojengwa, siku lilipogeuzwa, madebe yaliyopatikana, na miche iliyopewa. Debe moja kwa mche wa kahawa kwa mwaka, likitandazwa chini ya matawi bila kugusa shina na kufunikwa kwa majani, ni mwanzo mzuri.

Tatu, maganda mabichi ya kahawa yanayorundikwa penye mitambo ya kukobolea yasiachwe yakaingia mitoni. Yagawanywe kwa wanachama wanaoyahitaji, yachanganywe na mabua na samadi.

Nne, Halmashauri itazame kama fungu dogo la mikopo laweza kutengwa kwa sakafu za mazizi na bati za kuezekea mabiwi, ili mwanachama akope mara moja kwa kitu kidumucho, badala ya kukopa kila msimu kwa kitu kiishacho.

Ndugu wanachama, miaka kumi iliyopita waanzilishi wetu waliona kwamba kahawa yao ilikuwa ikipimwa na wengine, wakaamua kuipima wenyewe. Uamuzi ule ndio uliotuleta hapa leo. Sasa twaombwa tupime kitu kingine ambacho hakijapata kupimwa. Masika huanza mwezi wa Machi. Biwi litakalojengwa kabla ya mwisho wa Novemba litakuwa mboji mvua hizo zitakapoanza kunyesha. Siku zilizopo zatosha kukata mabua, kunyoosha mfereji wa zizi, na kutafuta bati kuukuu.